UZI: Nilivyomtafuta babu wa ukoo wa mume wangu, askari wa ulinzi wa pwani Uingereza (na jina moja la meli lililonikwamisha)

#1 – Mleta uzi

Assalaam alaykum, na habari zenu wadau wote wa historia.

Uzi huu ni mrefu, naomba mnivumilie. Mimi ni mtoto wa Wete, Pemba. Nimeolewa huku kusini mwa Uingereza, mwaka wa kumi na sita sasa. Miaka miwili iliyopita mama mkwe alifungua sanduku la bati la marehemu baba yake akatoa picha moja: mwanamume mwenye ndevu, kofia ya kibaharia, darubini ndefu ameibana kwapani, nyuma yake ukuta mweupe. Mgongoni mwa picha kuna maneno mawili ya penseli: "Grandad, coastguard". Basi. Hakuna jina, hakuna mwaka, hakuna mahali.

Mwanangu wa kwanza akaniuliza, "Mama, huyu ni nani wetu?" Sikuwa na jibu, na lilinikaa kifuani. Kwetu mzee akikaa barazani anakutajia mjukuu, kitukuu, kilembwe mpaka kilembwekeza, na kila mmoja anamjua alizikwa wapi. Wanangu wana ukoo pande mbili na upande mmoja ulikuwa unaishia kwenye picha isiyo na jina. Nikaamua kumtafuta.

Kwanza nieleze hawa walikuwa watu gani, maana nilivyodhani mimi sivyo. Nilifikiri ni waokoaji tu. Kikosi cha ulinzi wa pwani kilianzishwa 1822 kwa kuunganisha vikosi vya forodha vilivyokuwa vikikamata magendo: pombe kali, tumbaku, chai, hariri, vitu vilivyovushwa usiku kutoka Ufaransa na Uholanzi. Mwaka 1856 kikaondolewa forodha kikawekwa chini ya jeshi la wanamaji. Tangu hapo askari wake wengi walikuwa mabaharia wa manowari waliokwishatumikia miaka yao ya bahari kuu, wakaomba kumalizia utumishi pwani pamoja na wake zao. Walikaa kwenye vijumba vya safu moja, vilivyopakwa chokaa, juu ya jabali, na mlingoti wa bendera mbele. Usiku wanatembea ukingoni mwa bahari kwa zamu, mchana wanatazama upeo. Meli ikipanda mwamba wanarusha roketi yenye kamba ili watu wavutwe nchi kavu.

Na kanuni yao moja ndiyo iliyonisumbua kwanza, halafu ikanisaidia: askari hawekwi karibu na kwao alikozaliwa, na hakai kituo kimoja muda mrefu. Sababu ni magendo. Ukimweka mtu kijijini kwao, mwenye pipa la pombe ni binamu yake, atamkamata nani?

Kwa hiyo ukimtafuta mtu wa aina hii mahali pamoja humpati. Inabidi uwatafute watoto wake. Kila mtoto kazaliwa kituo kingine, na ukiwapanga kwa umri unapata ramani ya utumishi wa baba.

Mama mkwe alijua jambo moja tu: bibi yake mzaa baba alizaliwa Kimmeridge, kijiji cha pwani ya Dorset, mwaka 1894. Nikaagiza cheti cha kuzaliwa. Uandikishaji wa vizazi England na Wales ulianza Julai 1837, kwa hiyo kwa miaka hiyo cheti kipo. Kikaja kwa posta baada ya siku chache. Jina la baba. Kazi: Coastguard. Na jina la ukoo la mama kabla ya kuolewa. Hili la mwisho wengi hulipita haraka, lakini ndilo lililonifungulia kila mlango baadaye, maana orodha za vizazi za serikali zinakuruhusu kutafuta kwa ukoo wa mama, na jina la huyu baba lilikuwa la kawaida mno.

Hapo nikakosea, na kosa langu liliniletea miezi minne ya bure. Kwenye mtandao mmoja wa koo nilikuta mtu keshauchora mti mzima: jina lile lile, Cornwall, baharia, ulinzi wa pwani. Nikanakili. Nikamfuata yule mtu mpaka kaburini. Siku moja nikamwona kwenye sensa ya 1891 yuko Devon na mke mwingine kabisa, na watoto sita wasio wetu. Walikuwa mabaharia wawili wa jina moja, kaunti moja, wamepishana umri miaka mitatu. Nilifuta kila kitu nikaanza upya.

Kilichowatenganisha ni namba. Jeshi la wanamaji kuanzia 1873 lilimpa kila baharia namba yake ya utumishi, na daftari la namba hizo liko Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa pale Kew, mfululizo wa ADM 188. Unatafuta mtandaoni kwa jina, tarehe na mahali pa kuzaliwa, unalipa kidogo, unapakua picha ya ukurasa wenyewe. Ukurasa mmoja, mtu mzima! Wetu alizaliwa 1858. Aliingia jeshini mtoto wa miaka kumi na tano. Urefu futi 5 inchi 5. Nywele za kahawia, macho ya kijivu. Penye safu ya alama za mwili karani ameandika: nanga, mkono wa kulia. Nilimwita mama mkwe jikoni nikamwonyesha skrini. Aliweka kidole juu ya neno "anchor" akakaa kimya, kisha akasema baba yake naye alichora nanga mkono wa kulia, na hakuwahi kuwaambia kwa nini.

Chini ya hapo kuna orodha ya meli. Nawapa mlolongo: meli ya mafunzo, kisha mbili tatu za hapa nyumbani, kisha "London" 1879 hadi 1882, kisha anaoa Portsea 1884, kisha 1886 anaingia ulinzi wa pwani, na meli inayoandikwa ni "Belleisle", baadaye "Alexandra".

Hizi mbili za mwisho msije mkadanganyika kama mimi. Hakuwa baharini. Askari wa vituo vya pwani waliandikwa kwenye daftari la meli ya ulinzi ya wilaya yao, ingawa wao wanalala nchi kavu na wake zao. Belleisle ilikuwa meli ya ulinzi pale Kingstown karibu na Dublin, leo panaitwa Dún Laoghaire. Alexandra ilikuwa Portland, Dorset. Kumbe alikuwa Ayalandi!

Ndiyo maana sensa ya 1891 ya Uingereza hakumo hata ukipekua namna gani. Na sensa ya Ayalandi ya 1891 haipo duniani. Za 1861 hadi 1891 ziliharibiwa kwa amri ya serikali yenyewe, na nyingi za kabla yake ziliungua 1922 pale jengo la nyaraka lilipoteketea Dublin katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Za kabla ya 1922 zilizobaki kamili ni 1901 na 1911, nazo zinasomwa bure mtandaoni. Lakini daftari za vizazi na vifo za serikali ya Ayalandi zimesalimika, za vizazi kuanzia 1864, nazo ni bure pia, unaona na mwandiko. Sensa ya England ya 1901 ilinipa watoto wawili waliozaliwa "Ireland, Howth". Nikaingia daftari la Ayalandi na jina la ukoo la mama. Wakatoka watatu.

Watatu, si wawili.

Sasa sensa ya 1911. Mwaka huo kila mwenye nyumba alijaza fomu kwa mkono wake na fomu zenyewe zikahifadhiwa, kwa hiyo unaona wino wa mtu wako. Iliuliza pia swali ambalo za kabla hazikuuliza: katika ndoa hii wamezaliwa watoto wangapi hai, wangapi wapo, wangapi wamekufa. Yeye kaandika 7, 5, 2. Ile 2 ameiandika akaifuta, akaiandika tena kwa kukaza.

Mmoja wa wale wawili nimempata. Daftari la vifo, Howth, mtoto wa kiume, miezi minane, kifaduro, siku kumi na tisa. Aliyetoa taarifa ni mama aliyekuwepo wakati wa kifo, na hakujua kuandika, ameweka alama ya msalaba. Hakuna mtu katika familia hii aliyewahi kusikia habari za mtoto huyu. Miaka zaidi ya mia na thelathini jina lake halikutamkwa. Nilimwombea, na nilimwambia mama mkwe jina, naye akaliandika kwenye Biblia ya nyumbani.

Wadau, maswali yangu mawili. La kwanza, nani anajua jinsi ya kumpata wa pili? La pili, hiyo "London" ni nini? Safu inasema ni meli, lakini nilidhani labda ni kambi au ofisi mjini London. Miaka mitatu nzima. Ahsanteni.

#2 – Mdau wa Mombasa

Dada, hongera kwa kazi. Nimesoma yote mara mbili. Swali dogo kwa faida ya wengine: ukiwa huna cheti hata kimoja, unaanzia wapi? Na je, hawa walinzi wa pwani hawakuwa na daftari lao wenyewe mbali na la mabaharia?

#3 – Mleta uzi

Mdau wa Mombasa, wanalo. Ni mfululizo wa ADM 175, Kew hapo hapo. Kuna vitabu vya vituo kuanzia 1816 hivi, vimepangwa kwa kituo wala si kwa jina. Kwa hiyo usipojua kituo unapekua kurasa nyingi. Ndiyo maana nasema anza na watoto: mtoto anakupa kituo, kituo kinakupa ukurasa, ukurasa unakuambia ametoka kituo gani na amehamishiwa kipi, unaruka mpaka cha kabla yake. Kuna pia kadi za utumishi za 1900 hadi 1923, hizo ziko kwa herufi za majina. Kabla ya hapo tegemea daftari la mabaharia.

Ukiwa huna cheti, anza na sensa na mwandiko wa cheo. Huwezi kumpata kwa kuandika "coastguard" peke yake. Makarani waliandika Boatman, Commissioned Boatman, Chief Boatman, hayo ndiyo madaraja yao kutoka chini kwenda juu, au waliandika herufi C.G. tu. Waliozipakia mtandaoni nao wamesoma vibaya. Wetu mwaka 1901 amepakiwa kama mvuvi. Mimi nilimpata kwa kuacha jina lake kabisa nikatafuta jina la binti na mwaka na Kimmeridge. Angalia na majirani: ukiona nyumba sita mfululizo, wanaume wote mabaharia, kila mke kazaliwa kaunti nyingine na kila mtoto kijiji kingine, hapo umefika kituoni.

#4 – Mdau wa Unguja

Shikamoo dada wa Wete. Swali lako la pili nalijibu mimi, na ukae kitako kabla ya kusoma.

London si kambi wala si mji. HMS London ilikuwa manowari kubwa ya zamani, ya mbao, ilishushwa majini 1840, na ilipochoka ikaletwa kwetu. Kuanzia 1874 ilitia nanga mbele ya mji wa Unguja na haikuondoka karibu miaka kumi. Ilikuwa bohari, hospitali, karakana na makao ya mabaharia waliozuia biashara ya watumwa baharini. Ililetwa baada ya mkataba wa 5 Juni 1873 ambao Sayyid Barghash alitia saini kufunga biashara hiyo na soko la Mkunazini. Ilikuja kuuzwa 1884.

Meli yenyewe ilikuwa haitembei. Waliotembea ni mashua zake. Zilikuwa zikitumwa na mabaharia wachache wachache, wiki kwa wiki, kuvizia majahazi. Na zilikuwa zikitumwa zaidi wapi? Pemba, dada yangu. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja lakini Pemba ikasalimika, bei ya karafuu ikapanda, na mashamba ya Pemba yakataka watu. Watumwa walikuwa wakivushwa usiku kutoka bara mpaka kwenye vihori vya Pemba. Huyo babu wa mumeo, kama alikuwa London 1879 hadi 1882, basi vihori vya kwenu ameviona.

#5 – Mleta uzi

Marahaba, na Mungu akulipe. Nimesoma ujumbe wako nikiwa kituo cha basi, nimepitisha basi mbili.

Nimerudi nyumbani nikaingia moja kwa moja kwenye sensa ya 1881. Usiku wa 3 Aprili 1881 wanamaji waliokuwa kwenye meli za nje nao waliandikwa, jambo nililokuwa nimelipuuza kwa sababu nilimtafuta kwenye nyumba. Nimempata. Chombo: London. Mahali: Zanzibar. Umri 22, hajaoa, kazaliwa Cornwall.

Bibi yangu mzaa mama, Mungu amrehemu, alikuwa akitutisha watoto tukienda mbali ufukweni: "Rudini, manowari itawachukua." Tukicheka. Hakuna manowari Wete wakati ule. Neno alilipata kwa bibi yake, na wao walilipata kwa hao hao Waingereza, ndiyo "man-of-war" iliyolainishwa kwa ulimi wetu. Leo nimekaa mezani na karatasi ya mtu aliyekuwa ndani ya manowari hiyo, na damu yake wanayo wanangu, na damu ya aliyetishwa nayo wanayo.

Mume wangu nimemwamsha kumwambia. Mama mkwe nimempigia asubuhi. Ameuliza swali moja: "Alikuwa anafanya nini hasa kwenu?" Nami nataka kumjibu kwa ukweli, si kwa hadithi. Kwa hiyo wenye elimu naomba mnisaidie.

#6 – Mdau wa Tanga

Mleta uzi, nimefurahi kwa ajili ya watoto wako, lakini tuambizane. Hao mabaharia hawakuja kwa upendo peke yake. Kila jahazi lililokamatwa na kuhukumiwa lilikuwa na bahashishi, yaani zawadi ya fedha kwa waliolikamata, na mabaharia waligawana. Yako majahazi ya wafanyabiashara wa halali yaliyochomwa moto kwa sababu tu ya kukutwa na watumishi weusi ndani. Na waliokombolewa wengi hawakurudishwa kwao. Walipelekwa Aden, Bombay, Mauritius, Shelisheli, au wakakabidhiwa misheni. Mtoto wa Kiyao aliyetolewa jahazini hapa hakuiona tena Ruvuma. Hilo nalo liingie kwenye mti wa ukoo wenu.

#7 – Mdau wa Muscat

Naungana na wa Tanga, na naongeza upande wa huku. Majahazi mengi ya Sur, bandari ya Oman, yalikuwa yakipeperusha bendera ya Ufaransa, kwa kuwa Waingereza hawakuwa na haki ya kuyapekua. Jambo hilo lilileta ugomvi mpaka likafika mahakama ya usuluhishi ya The Hague, ikatoa hukumu Agosti 1905 kuhusu nani ana haki ya kupewa bendera hiyo na nani hana.

Na London imo kwenye kisa maarufu kabisa cha bendera hiyo. Tarehe 3 Desemba 1881 kapteni wake, Charles Brownrigg, alikuwa kwenye mashua ya mvuke upande wa Pemba akikagua mashua zake za doria. Akakutana na jahazi lenye bendera ya Ufaransa. Akalisogelea atazame tu vyeti. Waliokuwemo wakawashambulia, na kapteni akapigana mpaka akauawa, na baadhi ya watu wake. Dada, miaka ya mtu wako inaangukia hapo hapo. Alimjua kapteni huyo kwa sura.

#8 – Mleta uzi

Mdau wa Tanga, umesema kweli na sina la kupunguza. Nimemsomea mama mkwe ujumbe wako neno kwa neno kwa tafsiri. Amesema tuandike yote. Kwenye daftari la ukoo tulilonunua, ukurasa wa huyu mzee, chini ya 1879 hadi 1882 nimeandika kazi yake na nimeandika bahashishi. Nimeandika pia kwamba waliokombolewa hawakurudi kwao. Wanangu wana haki ya kuyajua hayo kutoka kwetu kabla hawajayakuta mahali pengine.

Lakini nina neno. Ukisoma ukurasa wake utaona kijana wa miaka ishirini na moja, hakusoma sana, amewekwa kwenye mashua wazi wiki mbili tatu, mvua ya masika juu, homa chini. Wenzake wengi wamezikwa kwetu. Kisiwa cha Chapwani mbele ya mji wa Unguja kina makaburi ya wanamaji wa Kiingereza, nami nilipita karibu yake kwenye boti mara nyingi utotoni bila kuuliza ni ya nani. Huyu alirudi hai. Na alipopata nafasi ya kuchagua, alichagua kazi ya kutazama bahari kutoka nchi kavu, na mke na watoto nyuma yake.

Sasa naiona picha kwa jicho jingine. Darubini ile ameishika kama mtu aliyezoea.

Mdau wa Muscat, ahsante. Hilo la bendera sikulijua kabisa.

#9 – Mdau wa Mombasa

Naomba nirudi, na samahani kama nautoa uzi njiani. Kwetu husemwa kwamba babu wa babu yangu alifanya kazi "kwenye manowari ya Mwingereza, Unguja", akaitwa Sidi. Tuliona ni hadithi ya wazee. Je, watu kama huyo nao wameandikwa mahali, au daftari ni za Wazungu tu?

#10 – Mdau wa Unguja

Wameandikwa, ndugu yangu. Si hadithi. Wanamaji wa Kiingereza walikuwa wakiajiri mabaharia wa pwani yetu, Waswahili, Wangazija, na watu waliotoka utumwani, wakawaita Seedie. Walivuta makasia, walichochea tanuri za makaa, walikuwa wakalimani, kwa sababu mashua isiyo na mtu ajuaye lugha na vihori haiendi popote Pemba. Mishahara yao iko kwenye leja za meli, na leja za 1872 hadi 1884 zimehifadhiwa Kew, mfululizo wa ADM 117. Tatizo ni jina. Karani alisikia atakavyo, na wengi walipachikwa jina la Kizungu lisilo na ukoo. Kwa hiyo usitafute jina. Tafuta meli na miaka kwanza, kisha mahali pa kuzaliwa.

Kwa upande wa nyumbani, nenda Nyaraka za Taifa Kilimani, Unguja, uliza kumbukumbu za ubalozi wa Mwingereza. Na kwa kuwa wewe ni wa Mombasa, uliza wazee kama kuna aliyetokea Frere Town, pale palipokaliwa na waliokombolewa tangu miaka ya 1870. Misheni iliandika ubatizo, ndoa na mazishi. Chukua hadithi ya babu yako kama ilivyo, iandike leo na tarehe na jina la aliyekusimulia, kabla hujagusa karatasi yoyote.

#11 – Mleta uzi

Wadau, nimerudi na mrejesho.

Yule mtoto wa pili aliyekufa nimempata. Binti, alizaliwa Portsea 1885 kabla baba hajaenda pwani, na alikufa Sussex akiwa na miaka kumi na mbili, kwenye kituo chao cha mwisho, Cuckmere Haven. Nilikuwa namtafuta miongoni mwa vichanga, ndiyo maana sikumwona. Fomu ya 1911 haikuuliza umri wa watoto waliokufa, nami nikajiwekea mpaka ambao haukuwepo. Mwenye kutafuta asirudie kosa hilo.

Vijumba vya Cuckmere bado vimesimama, na bahari inalila jabali chini yake mwaka hadi mwaka. Jumapili tulikwenda wote. Mama mkwe alichukua ile picha kwenye bahasha ngumu, akaipitisha kwenye kuta moja baada ya nyingine. Safu ya mawe chini ya dirisha la kijumba cha kwanza inalingana na iliyo nyuma ya bega lake. Tulimsimamisha mwanangu wa kwanza pale pale, tukampiga picha.

Mdau wa Mombasa, Kew nakwenda Alhamisi ijayo. Kadi ya msomaji ni bure, ukiwa na kitambulisho na uthibitisho wa anwani, na ndani huruhusiwi kalamu ya wino, penseli tu. Nimeagiza kitabu cha safari cha London cha Desemba 1881, hivyo viko ADM 53, na nimeagiza leja ya mwaka huo huo. Nikiishika nitapiga picha kila ukurasa wenye Seedie nikutumie faraghani. Niletee tu miaka unayoikisia.

Mama mkwe anakuja nami. Tangu juzi ana ramani ya Pemba mezani, ile ya mabaharia yenye namba za kina cha maji, anafuata vihori kwa kidole na kuniuliza majina yanavyotamkwa. Jana amefika Wete, kidole akakiacha hapo, akauliza nyumba yetu iko upande gani wa bandari.